Nyanya ilipoteza utamu kabla ya GMO

Ndugu Mhariri,

Kwa majuma kadhaa sasa ukurasa wenu wa barua umejaa malalamiko juu ya nyanya. Wasomaji wanasema nyanya za siku hizi zina wekundu wa kuvutia, zina ganda gumu, zinakaa siku nyingi bila kuoza, lakini ukizikata hazinukii na ukizionja ni maji matupu. Malalamiko hayo ni ya haki na mimi ni miongoni mwa wanaolalamika. Tatizo ni kwamba karibu kila barua huishia palepale: wanasayansi wamechezea jeni, hizi ndizo GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa kwa uhandisi jeni. Juma lililopita safu yenu ya maoni nayo ikaitikia.

Nimekuwa fundi sanifu wa maabara ya mimea tangu ujana wangu hadi nilipostaafu. Kazi yangu ilikuwa kutoa DNA kwenye majani ya mazao ya bustani: nyanya, pilipili, papai, embe, parachichi, zabibu. Watafiti walikuja na maswali yao, mimi nikawaandalia vinasaba vya kuyajibu. Naandika kwa sababu lawama mnayoieneza imemwangukia asiyehusika, na hasara yake ni kubwa. Watu wanaanza kuuchukia utafiti uleule uliotuonyesha utamu wa nyanya ulipotelea wapi.

Tuanze na jambo lililo wazi. Nyanya zilizofanyiwa uhandisi jeni ni adimu mno katika masoko ya dunia, ilhali nyanya zisizo na ladha zimejaa kila mahali. Chanzo lazima kiwe kingine, na kinajulikana.

Nyanya za zamani, zikiwa bado changa, zilikuwa na mabega ya kijani kilichokolea karibu na kikonyo, na chini kijani hafifu. Mkulima alipata tabu kujua lini hasa avune, kwa kuwa tunda moja lilikuwa na rangi mbili. Kisha ikaonekana mimea ambayo matunda yake yalikuwa na kijani hafifu kilicholingana tunda zima, na yalipoiva yakawa mekundu sawasawa, bila bega la manjano. Ilipendwa mara moja. Kwa miaka ipatayo 70 waboreshaji wa mbegu wakawa wanaichagua sifa hiyo na kuiingiza katika aina moja baada ya nyingine, kwa njia ya kawaida kabisa ya kutia chavua ya ua hili kwenye ua lile na kuchagua kwa macho. Hapakuwa na maabara ya jeni hapo. Mwongo wa kwanza wa kazi hiyo hata umbo la DNA lilikuwa halijajulikana.

Mwaka 2012 kundi la watafiti, akiwemo Ann Powell wa Chuo Kikuu cha California, Davis, lilieleza katika jarida la Science kilichokuwa kimetokea. Jeni inayohusika huitwa SlGLK2. Kazi yake ni kuamuru tunda changa litengeneze kloroplasti kwa wingi, zile chembe za kijani zinazonasa mwanga wa jua na kutengeneza sukari. Katika nyanya zenye rangi iliyolingana, herufi moja tu ya DNA imeongezeka ndani ya jeni hiyo. Ni kama ushanga mmoja uliopenyezwa kwenye kamba na kuvuruga mpangilio wa rangi zote zinazofuata: seli huisoma jeni vibaya kuanzia hapo, na protini inakatika kabla haijakamilika. Mabega ya kijani yakatoweka. Sukari nyingi ya tunda hutoka kwenye majani, lakini tunda changa nalo hujitengenezea sehemu yake, na sehemu hiyo ndiyo iliyopungua. Watafiti walipoifanya jeni ifanye kazi tena, kloroplasti ziliongezeka, na tunda lililoiva likawa na sukari zaidi na likopeni zaidi, ile rangi nyekundu ya nyanya.

Naomba wasomaji watulie hapo kidogo. Hakuna aliyekusudia kupunguza utamu. Watu wema, wenye nia ya kumrahisishia mkulima uvunaji, walichagua rangi, na sukari ikaondoka pamoja nayo bila mtu kujua, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiipima. Ilichukua elimu ya jeni kulibaini jambo ambalo macho ya wataalamu hayakuliona kwa miongo yote ile.

Kisa hicho si cha pekee. Miaka ya 1960 palipatikana mmea wa nyanya ambao matunda yake hayakuiva ipasavyo. Badiliko lake likapewa jina la rin. Ukivusha mmea wa namna hiyo na nyanya ya kawaida unapata chotara ambayo huiva polepole na kukaa muda mrefu baada ya kuvunwa. Wasafirishaji wakafurahi. Ladha na rangi vikapungua. Hilo nalo ni badiliko lililojitokeza lenyewe, likaenezwa kwa chavua. Na ukubwa pia una gharama yake: mkulima hulipwa kwa uzito, kwa hiyo mbegu zikachaguliwa kwa uzito, na kwa jumla tunda likizidi kuwa kubwa sukari ndani yake hupungua kwa kila gramu.

Ipo nyanya moja ya uhandisi jeni ambayo wapinzani huitaja kila mara, Flavr Savr, iliyoruhusiwa kuuzwa Marekani mwaka 1994 na haikudumu sokoni. Ile ilizimwa jeni ya kimeng'enya kinacholainisha kuta za seli, ili tunda libaki gumu hata likiiva. Nayo ililenga kudumu kwa tunda. Wahandisi wa jeni walirithi kosa la waliowatangulia: walimsikiliza msafirishaji na muuzaji, na mlaji akawa wa mwisho kuulizwa. Hapo ndipo ugomvi wetu ungepaswa kuwa.

Mlaji aliulizwa baadaye sana. Mwaka 2017 timu ya Harry Klee wa Chuo Kikuu cha Florida, ikishirikiana na wenzake wa China wakiongozwa na Sanwen Huang, ilichapisha matokeo ya kazi iliyonigusa kuliko nyingi nilizopata kuzisoma. Walisoma jenomu, yaani DNA yote, za karibu aina 400 za nyanya, za kisasa, za zamani na za porini. Wakapima sukari, asidi na kemikali za harufu. Kisha wakawaita watu wa kawaida waonje na kusema wanachopenda. Walipolinganisha majibu ya ulimi na vipimo vya mashine, walikuta kemikali 13 za harufu zinazochangia ladha zimepungua katika nyanya za kisasa kuliko zile za zamani.

Kemikali hizo ni chache kwa kiasi, chache mno, kiasi cha kupimwa kwa sehemu katika bilioni. Mojawapo hunukia waridi. Nyingine huzaliwa pale ile rangi nyekundu ya likopeni inapovunjwa na vimeng'enya, nyingine hutokana na mafuta yaliyomo kwenye tunda. Pua ndiyo huzipokea, hata ukidhani ni ulimi. Kwa kuwa ni chache namna hiyo, kuzirudisha hakumnyang'anyi mkulima uzito wa mazao, tofauti na sukari ambayo mmea huilipia kwa nguvu nyingi. Hii ndiyo habari njema kubwa kuliko zote katika suala hili, na sijawahi kuiona katika gazeti lenu.

Na hata mbegu nzuri huharibiwa baada ya kuvunwa. Mwaka 2016 timu hiyohiyo ya Florida, pamoja na wenzake, ilionyesha kwamba nyanya zikihifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 5 kwa juma moja hupoteza sehemu kubwa ya harufu, ilhali sukari na asidi hubaki karibu vilevile. Baridi huziwekea baadhi ya jeni alama za kikemikali zinazozuia zisisomwe. Ukilitoa tunda kwenye ubaridi, nyingi ya alama hizo hufutika, lakini harufu hairudi yote. Kwa hiyo msomaji mwenye jokofu, nyanya zake zikae nje.

Sasa niseme kidogo kuhusu kazi yenyewe, maana nahisi wengi wakisikia "maabara ya jeni" huwaza mtu anayechoma sindano kwenye tunda.

Siku yangu ilianza kwa majani. Jani linalofaa ni changa, laini, lililochumwa asubuhi na kuwekwa kwenye barafu. Unalimwagia nitrojeni ya kimiminika, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, linakuwa kavu na kukatika kama kioo, kisha unalisaga kwenye kinu kidogo hadi liwe unga. Unga huo unauweka kwenye maji yenye sabuni maalumu na chumvi nyingi, nyuzi 65, ili kuta za seli na utando wake viachie. Unatenganisha protini kwa klorofomu. Mwishoni unamimina alkoholi baridi, na DNA inajitokeza ikiwa nyuzi nyeupe nyembamba zinazoelea. Nilifanya kazi hiyo miaka mingi na kila nyuzi hizo zilipojitokeza nilifurahi kama mara ya kwanza. Nyanya ni mpole. Embe na parachichi ni wakaidi: majani yao yana tanini na utomvu, na usipowahi, mchanganyiko wako unageuka rangi ya kahawia na DNA haifai tena kwa lolote. RNA, nakala ya jeni ambayo seli huisoma, ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu vimeng'enya vinavyoivunja viko hata kwenye ncha za vidole.

Baada ya hapo, mara nyingi, kazi inayofuata ni kusoma tu. Chukueni mpapai. Kuna mipapai ya kike, ya kiume, na yenye jinsia zote mbili, na hii ya mwisho ndiyo wakulima wengi wa biashara wanaitaka kwa umbo la tunda lake na kwa kuwa hujichavusha yenyewe. Mche ukiwa mdogo hauonyeshi lolote. Unasubiri miezi kadhaa hadi utoe maua. Kwa hiyo mkulima hupanda miche mitatu au zaidi katika shimo moja, anaimwagilia yote, anaitilia mbolea yote, kisha anang'oa asiyoitaka. Jinsia hiyo iko kwenye kromosomu: mpapai wa kike una X mbili, wa kiume una X na Y, wenye jinsia mbili una X na Y ya namna yake. Kiinitete chenye Y mbili hufa kikiwa kichanga, na ndiyo maana mbegu za mpapai wa jinsia mbili uliojichavusha hutoa theluthi mbili za jinsia mbili na theluthi moja ya kike. Sisi maabara tulichukua kipande cha jani kisichozidi ukucha, na majibu tukayatoa siku hiyohiyo, mche ungali kitaluni. Mkulima akapanda mmoja kwa shimo moja.

Hakuna jeni hata moja iliyoguswa hapo. Hii huitwa uchaguzi kwa alama za vinasaba, na ndiyo sehemu kubwa ya kazi ya jeni katika matunda na mboga. Mtofaa unaotokana na mbegu unaweza kuchukua miaka mitano au zaidi kabla haujazaa. Mboreshaji mwenye alama za DNA anaijua michache ya kuendelea nayo tangu ikiwa miche. Muda anaouokoa hapo ni sehemu ya uhai wake.

Katika barua moja msomaji aliandika kwamba maumbile hayabadilishi jeni zake yenyewe. Hubadilisha, tena sana. Zabibu nyeupe zipo kwa sababu kipande cha DNA kinachohamahama, kiitwacho retrotransposoni, kiliruka kikatua mbele ya jeni inayowasha rangi, ikazimika. Watafiti wa Japani walilieleza hilo mwaka 2004. Rangi ya damu katika machungwa ya damu inatokana na kipande cha aina hiyohiyo kilichotua karibu na jeni iitwayo Ruby, safari hii kikaiwasha, tena huiwasha vizuri pale tu panapokuwa na baridi. Watu wakaipenda rangi wakaizalisha kwa kubebesha vikonyo. Bustani zetu zimejaa ajali za namna hii zilizopendwa na watu.

Sisemi kwamba uhandisi jeni hauna maswali. Nasema kila zao lipimwe kwa lililofanyiwa. Papai la Hawaii ni mfano. Virusi vya madoa ya mviringo viliingia mwaka 1992 katika wilaya ya Puna, kitovu cha kilimo cha mapapai cha visiwa vile, na katika miaka michache mavuno yalishuka hadi karibu nusu. Mtafiti Dennis Gonsalves na wenzake walikuwa wameshaanza kutengeneza mpapai uliowekewa jeni ya ganda la kirusi hichohicho, ambayo huufanya mmea ukitambue na kukinyamazisha. Mbegu zilitolewa kwa wakulima mwaka 1998, na kilimo kile kikanusurika. Elimu ya jinsi mmea unavyoweza kunyamazisha jeni ilitoka kwa sehemu kwenye ua, petunia. Mwaka 1990 watafiti walimwongezea petunia jeni ya rangi ili zambarau yake ikolee, na baadhi ya maua yakatoka meupe pe. Fumbo hilo lilisaidia kufungua mlango wa elimu iliyopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2006. Nawaeleza haya ili mwone kwamba ua la mapambo linaweza kusaidia kueleza kilichomwokoa mkulima wa papai.

Na kuhusu utamu wenyewe: mwaka 2024 Jinzhe Zhang, Sanwen Huang na wenzao walichapisha katika Nature kazi ya kuhariri jeni mbili za nyanya zinazofanya kazi ya breki, ambazo huamuru kimeng'enya kimoja cha sukari kivunjwe. Breki zilipoondolewa, glukosi na fruktosi ziliongezeka kwa hadi asilimia 30, na matunda hayakupungua uzito wala idadi. Mbegu ndani ya tunda zilikuwa chache na nyepesi zaidi, jambo ambalo nalo linafaa kusemwa. Hapa kwa mara nyingine ni elimu ya jeni inayomhudumia mlaji. Gazeti likiziweka kazi hizi zote chini ya neno moja la kutisha, msomaji atatofautishaje?

Jambo langu la mwisho ni lile linaloninyima usingizi. Utamu uliopotea hauwezi kurudishwa kutoka hewani. Lazima jeni yake iwe bado inaishi mahali fulani, ndani ya mbegu. Mwaka 1962 mtaalamu wa mimea Hugh Iltis, akiwa katika milima ya Andes nchini Peru, alikusanya mbegu za nyanya ya porini ambayo mtu mwingine angeipita kama gugu, akamtumia Charles Rick, mtafiti wa nyanya kule Davis. Ilikuja kutambuliwa kuwa spishi mpya kabisa. Ilipovushwa na nyanya ya kawaida kwa vizazi kadhaa, ilipandisha sukari ya nyanya za kiwandani. Rick huyo huyo alihangaika na mbegu za nyanya-mwitu za visiwa vya Galápagos zilizokataa kuota, hadi alipogundua kwamba zikipita tumboni mwa kobe mkubwa wa visiwani humo huota vizuri. Uvumilivu wa namna hiyo ndio uliojaza mikusanyo ya mbegu tunayoitegemea leo.

Mwaka 2019 watafiti walipolinganisha jenomu za nyanya 725 walikuta jeni 4,873 ambazo hazimo kabisa katika jenomu iliyokuwa ikitumika kama kielelezo. Miongoni mwa waliyoyaona ni namna adimu ya jeni ya ladha, TomLoxC, ambayo ni ya kawaida kwa nyanya-mwitu lakini karibu itoweke katika nyanya za zamani zilizopandwa na watu. Iliponea porini na kwenye mikusanyo ya mbegu.

Mbegu hizo huzeeka. Hata kwenye baridi kali na ukavu, uhai wake hupungua, na inabidi kila baada ya muda zipandwe upya, zikingwe na chavua ya jirani, zivunwe, zikaushwe, zirudishwe. Ni kazi ya mikono, ya kuchosha, isiyo na picha ya kuvutia, na nimeona vyumba vya mbegu ambavyo bajeti yake hukatwa kwanza kuliko vyote. Aina ikifa pale, hakuna mashine ya kusoma DNA itakayoiotesha.

Kwa hiyo naomba mambo mawili kwa gazeti lenu. Kampuni au taasisi ikitangaza aina mpya ya tunda au mboga, mwandishi wenu asiishie kuuliza tani kwa hekta na siku za kukaa ghalani. Aulize sukari imesoma nyuzi ngapi za Briksi, kipimo cha utamu wa maji ya tunda, aulize ni watu gani walioionja bila kuambiwa jina lake, na walisemaje. Akiambiwa haikuonjwa, aliandike hilo.

La pili, mtumeni mwandishi kwenye benki ya mbegu. Aombe kuonyeshwa daftari la majaribio ya uotaji, aulize ni aina ngapi zimechelewa kupandwa upya na fedha kiasi gani zinahitajika kuzipanda, kisha mchapishe jibu hilo ukurasa uleule mliochapisha malalamiko ya nyanya.

Wenu,
Fundi sanifu mstaafu wa maabara ya mimea